Kinga Isiyo na Kiti cha Nyuma

Wasengenyaji wa Kanyosha, na si wachache, wamepata jambo moja tu la kumsema Jovithe: hajui kukataa. Ana miaka hamsini na mmoja, kazi yake ni kuandaa karatasi za mizigo katika bandari ya Bujumbura, na kwa miaka kumi na minne ambayo nimekuwa jirani yake sijamwona akimpita mtu barabarani ikiwa kuna nafasi nyuma yake. Kinga yake, kama tunavyoiita baiskeli hapa kwetu, ni chuma cha zamani chenye keria pana, na juu ya keria ameshonea mto wa plastiki ngumu ili abiria asiumie. Zamani alikuwa akibeba watu kwa malipo. Alifanya hivyo miaka tisa, na kwa miguu hiyo akajilipia masomo mpaka akapata diploma. Siku alipoajiriwa aliacha kulipwa. Kubeba hakuacha.

Mimi si mtu wa kusifu ovyo. Tuna wanaume wengi mjini ambao mshahara wa kwanza uliwafanya wasione tena watu waendao kwa miguu. Jovithe aliendelea kuwaona, na tangu mafuta yalipoanza kuadimika na mabasi kuwa ya kusubiriwa nusu siku, wanaomwona yeye wameongezeka pia.

Tatizo lake lilianzia bandarini. Kazi ya karatasi ni ya kukaa, na mwili unaokaa hunenepa bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Siku moja boti ya mizigo ilikuwa inajiandaa kwenda Kigoma, naye alitakiwa kupanda ahesabu magunia. Ubao wa kupandia ulikuwa mwembamba na umeinuka. Alifika katikati, pumzi ikakata, akasimama pale juu ya maji ameshika kamba kwa mikono miwili. Makuli wawili ikabidi wamfuate, mmoja akamvuta na mwingine akamsukuma.

Audace, mkubwa wa makuli, alikuwa chini anatazama. "Andika hapo," alimwambia karani. "Mzigo mumoja, kilo mia na nne, usigeuzwe."

Watu walicheka, na Jovithe akacheka nao. Lakini jioni ile alimwambia mkewe, Danielle, kwamba amepandishwa botini kama gunia, na hakulisema kama mzaha. Danielle naye, mwanamke asiyepoteza maneno, akamjibu, "Basi tafuta dawa. Mi siwezi kuja kukusukuma kule."

Dawa ilikuwa karibu. Bonfils, anayekaa naye ofisi moja, huendesha baiskeli na wenzake wanne kila Jumamosi. Hukutana saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenye daraja la Kanyosha, huenda kusini kwa barabara ya ziwa, hupita Ruziba, hufika Kabezi na kurudi kabla ya saa mbili, kwa sababu saa mbili kazi za jamii zinaanza na kila mtu anatakiwa awe na jembe lake mkononi. Napenda utaratibu huo. Mazoezi yanayomfanya mtu akwepe wajibu si mazoezi, ni uvivu uliovaa kaptula.

Jovithe akajiunga nao na kinga yake ya zamani. Jumamosi ya kwanza hakupita hata kilomita mbili: mama mmoja wa Ruziba aliyebeba beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, alimwita kwa jina, naye akasimama. Jumamosi ya pili aliyemsimamisha alikuwa mgonjwa, na zahanati ilikuwa upande wa alikotoka. Jumamosi ya tatu alimbeba mbuzi, mwenye mbuzi akikimbia pembeni na kumwelekeza jinsi ya kukata kona.

Bonfils na wenzake walimkuta wakati wa kurudi, mbuzi yuko nyuma, ametulia, anatazama ziwa.

"Sha Jovithe," Bonfils akauliza bila kusimama, "we unafanya spoti ama unafanya transpoti?"

Hapo ndipo alipoamua kununua baiskeli ya mbio, ya kwanza maishani mwake, na akaenda kwa Muhanna.

Muhanna, Baba Nawaf kwa wateja wake, ana duka katika mtaa wa Buyenzi, alilorithi kwa baba yake, ambaye naye alilirithi kwa babu aliyetoka Omani. Huuza baiskeli zilizokwisha kutumika Ulaya, na sifa yake ni kwamba hufungua kila moja na kukuonyesha ubovu wake kabla hujauliza bei. Fundi wake ni Ilyasi, mtu mfupi, mikono myeusi kwa grisi, asiyeamini chochote alichoambiwa na mteja.

Jovithe aliingia na binti yake, Joëlla, aliyekuwa likizo ya chuo kikuu na hakuwa na la kufanya siku hiyo. Akaanza kama anavyoanza kila mtu wa kwetu: akainua baiskeli moja baada ya nyingine kupima uzito. Ya kwanza ilipanda mkononi kama kikapu kitupu. Akairudisha chini kwa mashaka.

"Baba Nawaf, hii imejaa upepo. Mi nataka kinga ya mutu muzima."

"Kinga ya mbio ni hiyo hiyo," Muhanna akamwambia. "Ukitaka chuma unacho tayari nyumbani. Ilyasi, mpime."

Ilyasi hakumpima kwa mkono. Alimsimamisha, bomba la fremu likiwa katikati ya miguu, akahakikisha limebakiza vidole vitatu. Akamketisha, akamwambia aweke kisigino kwenye pedali ya chini na anyooshe goti. Akamzungusha kutoka moja hadi nyingine mpaka baiskeli saba zikabaki nne. Kisha akaanza kuhesabu spoki.

"Hii ina ishirini. Kwa kilo zako italia kabla ya kufika Ruziba. Weka kule. Hii nayo, weka kule. Mutu mwenye kilo mia anataka spoki thelathini na mbili, na tairi pana kidogo. Gia usisumbuke nazo, barabara ya ziwa haina mlima. Waongo watakuuzia gia."

Zikabaki mbili. Moja ya buluu, nyembamba, usukani umepinda kama pembe za kondoo. Nyingine ya kijivu, nzito kidogo, usukani uleule. Bei hazikutofautiana sana, na kwa zote mbili mpango ulikuwa mmoja: Jovithe angeacha kinga ya zamani dukani na kuongeza alichokuwa nacho. Hakuna aliyelihoji hilo. Kwetu mtu akipata mpya, ya zamani huondoka, na sijawahi kusikia mtu wa Kanyosha mwenye baiskeli mbili.

Tofauti ilikuwa nyuma. Fremu ya kijivu ilikuwa na matundu karibu na ekseli, mahali pa kufungia keria. Ya buluu haikuwa na tundu hata moja.

"Si unaweza kutoboa?" Jovithe akamuuliza Ilyasi.

Ilyasi alimtazama kama mtu aliyeombwa kumtoboa mtoto. "Hii si chuma. Nikitoboa inapasuka, na wewe unapasuka juu yake."

"Jaribu zote," Muhanna akasema. "Si kwa kununua. Jumamosi hii panda moja, Jumamosi ijayo nyingine. Halafu uje uniambie."

Ni wafanyabiashara wachache siku hizi wanaoweza kumwambia mteja maneno hayo, na Muhanna hakuomba hata kitambulisho.

Alianza na ya kijivu, ambayo Ilyasi alikuwa ameifungia keria ya kujaribia. Sina mengi ya kueleza. Alibeba mtu kutoka darajani hadi njia ya Ruziba, akabeba mwingine kurudi, na saa mbili ilipogonga alikuwa na jembe mkononi na hakutokwa na jasho la maana. Matako ya abiria wa kwanza yalikuwa makubwa kuliko keria, akalalamika njia nzima.

Jumamosi ya pili alipanda ya buluu. Alinisimulia asubuhi ile mwenyewe, tukiwa tunafyeka nyasi kando ya mfereji, na alisimulia polepole. Aliniambia baiskeli ilikwenda kama inateremka wakati barabara ni tambarare. Alikuwa nyuma ya Bonfils kwa kilomita sita nzima, akisikia pumzi yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu ujana pumzi ile haikumtisha. Kisha karibu na Ruziba akamwona yule mama wa ndagala, amesimama na beseni lake. Mama akamtambua, akainua mkono. Halafu macho yake yakashuka nyuma ya baiskeli, akaona hakuna kiti. Akaushusha mkono.

"Hakukasirika," Jovithe aliniambia. "Hata alinisalimu. Lakini aliushusha, mwalimu. Kama vile amekosea mutu."

Nilimwambia hana dhambi. Hakuna amri inayomtaka mtu awe basi. Lakini nilimwambia pia kwamba kinga ya kukaa mtu mmoja ni kitu cha kufikiriwa mara mbili, kwa maana tumewaona wengi walioanza kwa kununua kitu cha mtu mmoja wakaishia kuwa na maisha ya mtu mmoja. Leo naona sehemu ya pili ya ushauri huo ilikuwa kali kupita kiasi, na haikumsaidia.

Na tena, mwenye neno la mwisho hakuwa mimi. Alikuwa mama yake.

Mama Orpha ana miaka sabini na sita, anaishi Ruziba peke yake na shamba lake la viazi vitamu na lengalenga, mchicha wa kwetu. Mumewe alikufa Jovithe akiwa mdogo. Jovithe haanzi kutumia kitu alichonunua kabla mama hajakiona na kukiombea. Alimpelekea redio, akampelekea suti ya harusi. Danielle husema hata yeye alipelekwa, akazungushwa kama ng'ombe wa mnadani. Hiyo ndiyo heshima ya nyumba yao na mimi siicheki. Ikiwa mama angekataa, Jovithe asingepanda. Hilo tulilijua wote.

Alasiri ya Jumamosi hiyo hiyo akaisukuma ya buluu hadi uani kwa mama yake. Joëlla alikuwa naye. Mama Orpha alifuta mikono kwenye kitenge, akaizunguka baiskeli mara moja, akaizunguka tena. Akaligusa tandiko lililochongoka.

"Hapa ndo unakaa?"

"Ego, mama, hapo hapo."

"Panakuumiza?"

"Kidogo. Ilyasi amesema nitazoea."

Akaenda nyuma. Akasimama pale muda, mkono wake ukipapasa hewa juu ya gurudumu, mahali ambapo keria ingekuwa.

"Na mi nitakaa wapi?"

Kwa miaka kumi na saba, kila Jumapili, Jovithe huenda Ruziba kumchukua mama yake, aliyevaa imvutano ya kijani, nguo yake ya heshima, amekaa upande upande juu ya ule mto wa plastiki, na kumpeleka kanisani Kanyosha, kanisa ambalo mama huyo alifungia ndoa. Ruziba lina kanisa, na la karibu. Yeye hulitaka lile. Jovithe alikuwa amepima goti, akahesabu spoki, akafikiria mama wa ndagala na mbuzi na barabara nzima, na hakumfikiria abiria wake wa kwanza. Hiyo ndiyo aibu iliyomshika.

"Kuna nyingine, ya kijivu," akasema. "Ile ina mahali pa keria."

"Basi si umeshajibu," Mama Orpha akasema, akarudi kwenye viazi vyake.

Jumatatu alienda Buyenzi kununua ya kijivu, aliyokwisha kuirudisha dukani. Aliisukuma ya buluu kwa mkono, na Joëlla akaja nyuma akiwa juu ya kinga ya zamani, ile iliyokuwa inakwenda kuachwa. Muhanna alimsikiliza hadi mwisho, kisha akafanya jambo ambalo sijaliona likifanywa na mwenye duka: alikataa kuuza.

"Ya kijivu sikuuzii."

"Kwa nini, Baba Nawaf?"

"Kwa sababu najua kitakachotokea. Utabeba watu, tumbo litabaki pale pale, na baada ya miezi miwili utapanda tena botini kwa kusukumwa. Watu watauliza, kinga umenunua wapi? Utasema, kwa Muhanna. Mama ni mama, siwezi kukwambia umkatalie, haramu. Lakini kukuuzia kitu kisichokufaa nako si halali. Kaa hapo, kunywa chai, tufikiri."

Wakakaa. Ilyasi alikuwa ameshaanza kuikagua kinga ya zamani, anazungusha magurudumu na kuguna.

"Hii chuma haifi," akasema. "Mbona mnaitupa?"

"Haitupwi, inabadilishwa," Jovithe akajibu.

"Papa," Joëlla akasema. Alikuwa bado ameshika usukani wake. "Hii usiitoe. Mi nitamubeba Bibi."

Jovithe akacheka. Halafu akaona mtoto hacheki.

"We utambeba Bibi? Kutoka Ruziba?"

"Kilo zake hazifiki hamsini. Wiki iliyopita nilimbeba Chance na gunia la makaa."

"Ulimbeba nani?"

"Chance wa jirani. Ulikuwa kazini."

"Watu watasema nini? Mutoto wa kike kubeba watu barabarani?"

"Walishasema," Joëlla akamjibu. "Walisema, yule ni mutoto wa Jovithe."

Ilyasi aliinama zaidi kwenye gurudumu, mabega yake yakitikisika. Muhanna akanywa chai yake kwa utulivu mkubwa.

Nimelifikiria sana jibu la binti yule. Jovithe ni mwema, na nimelisema hilo tangu mwanzo. Lakini mtu anayebeba wote kwa miaka mingi huanza kuamini, bila kujua, kwamba hakuna mwingine awezaye kubeba. Yeye anaona ni huruma, kumbe ndani yake kuna kiburi kidogo kimejificha. Alikuwa amemfundisha binti yake kupanda baiskeli, kusoma, kuomba, kusema kweli, na hakuwahi kufikiri kwamba amemfundisha na hili pia.

"Mutu mumoja, kinga mbili?" akauliza, lakini sauti ilikuwa imeshalegea.

"Watu wawili," Joëlla akasema.

Bila kinga ya zamani kuachwa, pesa hazikutosha. Muhanna aliiweka ya buluu nyuma ya kaunta, akaifunika shuka, na akasema itamsubiri. Ilisubiri miezi minne. Danielle anasema katika miezi hiyo mumewe alikuwa akikataa hata soda, na akaenda kazini na viatu vilivyofunguka kisigino. Mimi nayaona hayo kuwa sehemu ya mazoezi.

Lakini ilibaki ruhusa ya mama. Jumapili ya kwanza baada ya siku ile, Joëlla alitokea Ruziba peke yake. Mama Orpha alikuwa ameshavaa, anasubiri mlangoni. Akatazama barabara nyuma ya mjukuu wake.

"Baba yako yuko wapi? Ni mugonjwa?"

"Apana, Bibi. Ni mi nimekuja kukubeba."

"Utaniangusha."

"Sitakuangusha."

"Baba yako naye alisema hivyo siku ya kwanza, akaniangusha pale kwenye mfereji." Hata hivyo akakunja imvutano, akapanda. Akamshika mjukuu kiunoni kwa mikono miwili, jambo ambalo kwa mwanawe hakuwahi kulifanya, na njia nzima akatoa amri: jiwe, shimo, polepole, pikipiki hiyo, usimpishe, yeye ndiye akupishe. Tulikuwa tumesimama mbele ya kanisa walipofika. Vichwa viligeuka, midomo ikaanza. Mama Orpha alishuka, akanyoosha nguo, akawatazama waliokuwa wakinong'ona mpaka wakapata mambo mengine ya kutazama. Kwa Jovithe akasema tu, "Huyu anaendesha vizuri kuliko wewe. Hapumui kama ng'ombe."

Hakusema lolote kuhusu ya buluu. Jovithe naye hakuuliza, akaendelea kuilipia kidogo kidogo kwa imani.

Malipo yalikamilika siku ya Ijumaa. Alfajiri ya Jumamosi, badala ya kwenda darajani, akaenda moja kwa moja Ruziba. Alikuwa amepanga vizuri: mama ataombea kwa dakika tano, kisha yeye atasubiri kando ya barabara Bonfils na wenzake wapite, aungane nao. Mama Orpha alikuwa macho. Akaiegemeza baiskeli ukutani, akaweka kiganja juu ya tandiko, akafumba macho.

Aliombea magurudumu yote mawili, la mbele kwanza. Aliombea breki. Aliombea mnyororo, mikono ya Ilyasi iliyoukaza, na nyumba ya Muhanna pamoja na watoto wake, ingawa wanasali kwingine. Aliombea madereva wa malori yanayopita barabara ya ziwa kwenda Rumonge wafunguliwe macho. Aliwaombea wasiokuwa na kinga. Jovithe, kichwa kimeinama, alisikia sauti za Bonfils na wenzake zikipita barabarani, minyororo ikilia, kisha kimya. Hakuthubutu kuinua kichwa. Mama alikuwa amefika kwenye moyo wa mwanawe na mishipa yake, na hapo alikaa kwa muda mrefu kuliko kwingine kote.

"Amina," akasema. "Mbona bado umesimama? Wenzako wamepita."

Aliwafukuza peke yake. Jua lilikuwa limeanza kutoka nyuma ya vilima, watu wakiwa wengi barabarani, majembe begani, beseni kichwani. Wakamtazama, wakatazama nyuma yake, wakaendelea na safari zao, na wengine wakamwita kwa jina ili wamsalimu tu. Hakuwahi kujua kwamba wanaweza kumwita bila kumhitaji. Alipumua, akakanyaga, akapumua.

Kilomita mbili kabla ya Kabezi akawaona wanarudi, watano katika mstari, Bonfils mbele.

"Geuza, mzee," Bonfils akamwambia, akipunguza mwendo. "Tumeshamaliza. Utachelewa kazi za jamii."

"Ni saa ngapi?"

"Moja kasorobo."

Jovithe akapiga hesabu kichwani, kama anavyopiga ya magunia. Kabezi, kugeuka, kurudi, jembe. Jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye kidevu, na miguu yake ilikuwa inatetemeka, lakini pumzi ilikuwepo.

"Nendeni," akasema. "Mi bado sijafika."

Akawapungia mkono, akainama juu ya zile pembe za kondoo, na akaendelea kusini.